Bima ya Kikundi na Masikio Yetu

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Likoni, Kisauni na Changamwe)



Leo tuzungumze juu ya masikio. Mwenye kidonda huonekana, akapewa pole. Asiyesikia haonekani. Kikundini huitwa mwenye kiburi, shuleni huitwa mzito wa kichwa, na nyumbani twaacha kumwambia mambo. Mwisho haji mkutanoni tena. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu zaidi ya milioni 430 wahitaji msaada kwa sababu ya kupungukiwa na usikivu. Wengine wao ni jirani zetu wa Mtongwe, Magogoni na Port Reitz.

Vikundi vingine vyataka kukata bima ya pamoja. Ni jambo jema. Lakini mkiletewa karatasi, msitie sahihi mbio. Maneno "matibabu ya masikio" ni mapana, na ndani yake mna mambo matatu.

La kwanza ni kupima. Daktari hutazama ndani ya sikio. Pengine ni nta tu, au usaha wa mtoto, na tiba yapatikana. Kisha huja kipimo cha usikivu: mgonjwa husikizishwa sauti kubwa na ndogo, sikio moja moja, naye huonyesha kila anaposikia. Mashine hupangwa kufuata kipimo hicho. Ndiyo maana mashine ya kuazima kwa jirani haifai.

La pili ni mashine yenyewe. Bima yaweza kulipia kipimo na kukataa mashine. Hapo mwanachama hubaki na karatasi ya kumwambia kwamba hasikii, jambo alilokuwa akilijua.

La tatu ni utunzaji. Betri ndogo huisha kwa siku chache au wiki chache. Mtoto akikua, kile kipande cha kuingia sikioni chatakiwa kitengenezwe upya. Mashine isiyo na betri ni pambo tu.

Basi katibu aulize haya, na ajibiwe kwa maandishi:

1. Je, kipimo chalipiwa bila kulazwa hospitali?
2. Mashine yalipiwa kwa kiasi gani? Sikio moja au yote mawili? Baada ya miaka mingapi yaweza kubadilishwa?
3. Betri na matengenezo je?
4. Aliyekuwa na shida ya kusikia kabla ya kujiunga atakubaliwa? Atangoje muda gani?
5. Tuende hospitali gani, na ni lazima tupate kibali kwanza?

Tusisahau bima ya serikali. SHA ilishika mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Asiye na mshahara hutozwa asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba yake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na hutakiwa kulipa mwaka mzima mbele. Kwa muuza samaki au mama wa mboga, kuzitoa zote siku moja ni kazi. Hapo ndipo kikundi kina nguvu: kila wiki mweka hazina apokee kidogo kidogo, mpaka mwaka utimie. Na kwenye dawati la SHA, ulizeni maswali yale yale matano.

Kuna mlango mwingine. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husaidia waliosajiliwa kupata vifaa, na mashine za kusikia zimo. Ili kusajiliwa, mtu hupimwa kwanza katika hospitali ya serikali iliyokubaliwa. Kikundi kiandamane naye, kwa maana asiyesikia huitwa jina lake kwenye foleni na kupitwa.

Ndugu, tusingoje karatasi za bima ndipo tuanze. Mkutano ujao, anayesikia kwa shida akae mbele. Tumtazame usoni tukisema naye, tuseme taratibu bila kupiga kelele. Hilo halina malipo.