Matanga Tuliyonyimwa

 Katika Siku hii ya Afya ya Akili, nataka turudi nyuma kwenye janga la korona.

Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kufikia tarehe 6 Aprili, Nairobi ilikuwa imefungwa: huingii, hutoki, hadi Julai. Mama fua akaambiwa getini asirudi. Mtu wa mjengo akashinda chumbani na watoto wasio na shule, kodi inadaiwa, na ikifika saa moja jioni ni kafyu. Aliyekuwa akipigwa na mumewe akafungiwa naye.

Lakini nataka hasa kuzungumzia mazishi. Waombolezaji 15 tu ndio walioruhusiwa. Wengi wenu asili yenu ni Siaya, Kakamega, Kitui, nje ya Nairobi iliyofungwa. Mliagana na wazazi kwa simu, picha inakwama, bando inaisha, na jeneza bado halijateremshwa. Hapakuwa na matanga, wala nyimbo za usiku kucha, wala jirani wa kukaa nawe kimya. Siyalaumu masharti yale, yaliokoa maisha. Ila sisi hutibiana majonzi kwa kukaa pamoja, na tiba hiyo ndiyo tuliyonyimwa. Kafyu ilipoondolewa Oktoba 2021 tukakimbilia vibarua, msiba ukiwa bado kifuani.

Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa mfadhaiko na wasiwasi viliongezeka duniani kwa asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa janga. Hapa kwetu, jopo la Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Na bado, hadi Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi Januari 2025, aliyejaribu kujiua alihesabiwa mhalifu! Nani angethubutu kusema ameelemewa?

Wachungaji na maimamu, tengeni siku ya kuwaombea waliozikwa na watu 15, majina yao yatajwe, familia zilie. Majirani, mkimwona mtu amejifungia na haongei, bisheni hodi. Nawe Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, wakati bajeti ya kaunti ikijadiliwa, omba mshauri nasaha katika kila zahanati, kuanzia ya wadi hii.