GARI LA UMEME LILILOTUMIKA: KAGUENI BETRI KWANZA



Mmetaka kujua lipi bora kununua, gari la umeme au la petroli. Fedha ni za watu wengi, kwa hiyo tusikilizane vizuri.

Kwanza, kuharibika. Gari la petroli lina pistoni, plagi, klachi na ekzosi, tena linataka oili ya injini. Gari la umeme halina hayo. Lina mota na betri kubwa. Huko Ujerumani, chama cha wenye magari, ADAC, huhesabu magari yanayokwama njiani. Mwaka 2024, katika kila magari 1,000 ya umri wa miaka 2 hadi 4, ya umeme yalikwama 4 hivi. Ya petroli na dizeli yalikwama 10 hivi. Hapo umeme umeshinda.

Pili, bei. Hapa mambo hugeuka. Mwaka 2023 kampuni ya Tesla ilipunguza bei ya magari mapya. Basi yaliyotumika nayo yakashuka. Nani atanunua kuukuu kwa bei ya jipya? Mwaka 2024 Hertz, kampuni ya Marekani ya kukodisha magari, ilitangaza kuuza magari yake ya umeme 20,000 hivi. Thamani ilikuwa imeshuka, na kuyatengeneza yakigongwa kulikuwa ghali. Hasara ya muuzaji ni nafuu ya mnunuzi. Lakini si kila nafuu ni nafuu.

Tatu, betri. Betri huzeeka, na joto huizeesha upesi. Betri ya Nissan Leaf za mwanzo, gari lililoanza kuuzwa mwaka 2010, haipozwi kwa maji. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Arizona, jimbo la jua kali, walilalamika kuwa magari yao hayafiki mbali kama zamani. Na jua letu mnalijua.

Basi msitazame rangi. Fanyeni hivi:

1. Leaf za mwanzo zina vistari 12 vya afya ya betri pembeni mwa kipimo. Hesabuni vilivyobaki. Vikipotea havirudi, hata mkichaji usiku kucha.

2. Lichajini mpaka lijae, kisha mlipeleke safari. Linakwenda kilomita ngapi?

3. Ulizeni fundi yuko wapi. Umeme wa betri ile unaua. Si kazi ya kujaribu chini ya mwembe.

Jibu moja likikosekana, msitoe fedha. Rahisi ghali, ndugu zangu.