Jina la Muuaji na Majina ya Wafu Wetu
Mazungumuzo kwenye mukutano mukubwa wa wanamemba



Nianze na kosa langu. Mwaka uliopita mwandishi mumoja wa redio alifika hapa na mikro yake. Maswali yote yalikuwa juu ya komanda: alikuwa na sura gani, alivaa nini, alisema nini. Nikajibu yote, tena nikafurahi kusikilizwa. Jioni jirani yangu, mama aliyepoteza watoto wawili, akaniuliza: «Na wangu, uliwataja?» Nikakosa jibu.

Mambo haya hayako kwetu peke yetu. Munamukumbuka Joseph Kony wa LRA. Desemba 2009 watu wake waliua raia zaidi ya 300 sehemu za Makombo, kule Haut-Uele. Habari kamili zilifika duniani kisha miezi tatu, mwisho wa Machi 2010. Lakini Machi 2012, filme ya Wamarekani juu ya Kony iliangaliwa zaidi ya mara milioni 100 kwa siku sita. Nia yao ilikuwa ajulikane kila mahali mpaka akamatwe. Wakauza bangili, wakabandika sura yake kwenye kuta. Ilipoonyeshwa Lira, Uganda, wale walioumizwa wakakasirika, wengine wakatupa mawe. Waliona muuaji anafanywa nyota, na mateso yao hayamo.

Sisemi tunyamaze. Kunyamaza kunamusaidia muuaji, Makombo inatufundisha. Tena tribinali haimushitaki mutu bila jina: CPI ya La Haye ilitoa hati ya kumukamata Kony mwaka 2005. Kwa haki, na kwa kuonya watu, jina litajwe. Lakini foto yake na bunduki, na majivuno yake, hiyo ni zawadi tunamupa. Vijana wetu wanayaona kwenye telefone, na mwenye kutafuta ukubwa anajifunza njia.

Kwa hiyo ninaomba komite ikubali mambo matatu. Mugeni mwenye kamera aanze na waliokufa, familia zikikubali. Asipige foto ya mutoto bila ruhusa ya muzazi. Na barua zetu za kuomba musaada zisibebe sura ya muuaji. Wafadhili, tafazali, musituombe sura hiyo.

Mama yule nilimurudilia. Nikaandika majina yale mawili kwenye kaye yangu. Leo amekubali kuyasema mwenyewe, mbele yenu.

Tusimame.