Injini Ikilia Tik-Tik, Usikimbilie Kuifungua

Yafuatayo ni mazungumzo ya fundi mkuu wa karakana ya magari ya kaunti mbele ya madereva na wamiliki wa magari ya abiria na mizigo.

Asanteni kwa kuacha kazi asubuhi hii. Najua gari likisimama hata nusu siku, mkopo wa sacco hausimami nalo.

Nimeombwa nizungumzie mlio mmoja tu, ule wa tik-tik chini ya boneti ya gari lililotembea kilomita laki mbili au laki tatu. Nitatoa mfano wa Probox kwa sababu hapo nje zimejaa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kabla sijaajiriwa hapa, mama mmoja muuza mboga aliniletea gari lake likilia. Nikasikiliza kidogo tu, nikamwambia ni tapeti. Nikafungua kifuniko cha vali, nikapima, kila kitu kikawa sawa. Gari lililala kwangu siku tatu, naye akibeba mboga kwa gari la kukodi. Mwishowe kijana niliyekuwa nikimfunza kazi akaweka spana ya plagi kwenye silenda ya tatu, ikazunguka bila nguvu. Plagi haikuwa imekazwa, na moto wa silenda ulikuwa ukipenya pembeni. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Sikumtoza kitu, lakini zile siku tatu sikuweza kumrudishia.

Kwa hiyo anza na kijiti cha oili. Egesha mahali tambarare, zima injini, ngoja dakika tano, futa kijiti, kirudishe, kisha usome. Injini kuukuu hula oili. Ukingoja siku ya servisi ndipo uangalie, utakuta kijiti kikavu. Oili ikipungua sana pampu huvuta hewa, na sehemu za juu, pale kwenye vali, ndizo hulia kwanza. Ukiongeza oili na mlio ukaisha, usishangilie bado. Tafuta ilikokwenda.

Na ile taa nyekundu ya oili: haipimi kiasi, inapima presha. Ikiwaka, presha imekwisha kuanguka. Zima injini papo hapo, hata kama stendi unaiona kwa macho. Mita mia tano zinatosha kula beringi, na injini ikikwama mlimani ukiwa na abiria, usukani na breki zitakuwa nzito ghafla.

Kama oili iko sawa, uliza mlio unatokea wakati gani. Ukisikika asubuhi injini ikiwa baridi kisha ukapotea ikipata moto, mara nyingi ni gasketi ya manifoldi ya ekzosi inayovuja. Chuma kikipanuka hujiziba. Angalia kama kuna masizi meusi kwenye maungio yake. Ukibaki hata injini ikiwa moto, na unatoka juu, huenda ni nafasi ya vali. Injini ya Probox ya 1500 haina tapeti zinazojirekebisha kwa oili. Nafasi hupimwa injini ikiwa baridi: vali ya kuingiza hewa milimita 0.15 hadi 0.25, ya kutoa moshi 0.25 hadi 0.35. Kurekebisha ni kubadilisha vikombe vya tapeti, na kamshafti hutolewa, kwa hiyo fundi akikwambia atakaza skrubu tu, muulize ni skrubu ipi.

Kuna mlio mwepesi wa haraka kwenye injekta. Huo ni wa kawaida, uache.

Unaotisha ni ule mzito unaotoka chini, gong-gong, unaozidi ukikanyaga mafuta. Huo si tik-tik tena. Usiendeshe, vuta gari kwa kamba.

Kutafuta mahali hasa, tumia bisibisi ndefu: ncha kwenye chuma, mpini sikioni, usogeze kidogo kidogo hadi mlio uwe mkali. Lakini leso, tai na mikono mirefu viwe mbali na mkanda wa feni. Hilo silisemi kwa mzaha.

Neno moja kwa wanaonunua magari yaliyotumika. Ukifika kwa muuzaji, kabla ya salamu nyingi, gusa boneti. Ikiwa na joto, huenda injini imewashwa mapema ili usisikie kilio chake cha asubuhi. Mwambie utarudi kesho, na asiliwashe. Wengine humimina oili nzito ili mlio unyamaze siku mbili tatu, kwa hiyo chomoa kijiti uangalie kama inashuka kama asali.

Maswali nitayajibu huko nje. Kuna Probox pale karibu na lango, imelala tangu jana na mwenyewe ameniruhusu niiwashe. Njooni wanne wanne, na msiongee, ili kila mtu asikie.