Krismasi ya Mama Ugenini

Ndugu msikilizaji, kila ifikapo wiki hii ya Desemba stendi ya mabasi ya Mbezi, hapa Dar es Salaam, hufurika watu wa Kilimanjaro. Mwulize mmoja anakwenda wapi, atakujibu "nyumbani", kana kwamba Mbagala anakoishi miaka ishirini si kwake. Makabila mengine hututania sana kwa hilo. Mimi ni wa Machame, nami nataniwa. Lakini leo nataka kukusimulia Krismasi moja ambayo sikupanda basi la Moshi.

Ilikuwa mwaka 2010. Mdogo wangu wa kike alikuwa muuguzi Leipzig, Ujerumani. Jina la mji huo si geni kwetu, maana wamisionari wa Kilutheri waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa na misheni ya huko. Marehemu bibi yangu alilitaja kama kijiji cha jirani tu. Basi ndugu tukachanga nauli ili Mama akamwone binti yake, nami nikateuliwa kumsindikiza, kwa kuwa hakuwa amepanda ndege maishani.

Huenda unakumbuka Desemba ile, theluji ilivyofunga viwanja vya ndege Ulaya. Sisi tulikuwa tumeshafika. Mama alivaa soksi jozi tatu, makoti mawili, na juu ya yote akajifunga kitenge. Theluji aliizoea kuiona Kibo tangu utoto, ila hakuwahi kuikanyaga. "Kumbe hii ndiyo inayokaa kule juu," alisema, akaipiga teke.

Baridi aliivumilia. Kilichomshinda ni ukimya. Kwetu siku hiyo mlango hauna komeo. Anayepita anaingia, anapewa machalari na mbege, anakwenda nyumba ya pili. Kule, mchana wa tarehe 24 maduka yanafungwa, kila familia inajifungia ndani na mti wake, na chakula cha usiku katika nyumba nyingi ni soseji na saladi ya viazi. Mama alisubiri, hatimaye akauliza mbuzi atachinjwa saa ngapi.

Tulicheka, lakini si sana. Baba alifariki mwaka 2008, akazikwa kihambani, na mdogo wangu hakuja mazikoni. Majirani walisema Ulaya imemlevya. Mama hakuwahi kumlaumu kwa mdomo, ila tangu hapo akipigiwa simu aliuliza afya tu, kisha akamrudishia mwenye simu.

Jioni ile, kabla ya ibada, mdogo wangu alisema tupitie mahali. Saa kumi tu, giza limeanza kuingia. Akatufikisha makaburini. Wajerumani wengi wana desturi ya kuwatembelea marehemu wao siku hiyo na kuwawashia mishumaa katika vikopo vyekundu. Ilitapakaa kwenye theluji, na watu wazima kwa watoto walipita kimya. Mama alisimama akitazama. Nasi Krismasi huwa tunapita makaburini, ndani ya migomba yetu wenyewe.

Mdogo wangu alikwenda pembeni, chini ya mti, mahali pasipo na kaburi lolote, akawasha mshumaa wake.

"Hapa ndipo ninapomlilia Baba," alisema. "Huu ni mwaka wa tatu."

"Kwa nini hukuja, mwanangu?"

"Niliambiwa siku ya tisa, Mama. Mlikuwa mmeshazika."

Mama akanigeukia. Ndugu msikilizaji, mimi ndiye niliyewaambia ndugu kwamba binti asipewe habari mpaka amalize mtihani wake wa uuguzi. Niliona ni busara. Mama, katika msiba wake, aliambiwa kwamba binti amepata habari ila hawezi kufika. Na majirani walipomsema mdogo wangu miaka miwili mfululizo, mimi, ninayelipwa kwa kusema, nilinyamaza.

Wageni wengi Leipzig hukimbilia Kanisa la Mtakatifu Thomas, alikozikwa Bach. Sisi tulikwenda kanisa dogo la mtaani. Mwishoni ukaimbwa ule wimbo wa usiku mtakatifu, ulioimbwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, mwaka 1818. Wenyeji waliimba Kijerumani, Mama akaimba Kiswahili, kwa sauti, bila kitabu, mkono wake ukiwa ndani ya mfuko wa koti la binti yake. Mimi nilikaa upande wa pili wa mdogo wangu. Sikuthubutu kukaa karibu na Mama.

Kesho yake alipika mwenyewe kuku na ndizi zilizopatikana, zisizo za kupikwa. Nilipewa sahani ya mwisho. Hakuniongelesha.

Tarehe 26 kwao nayo ni sikukuu. Asubuhi Mama alitoka chumbani amevaa makoti yake mawili, ananyoosha kitenge.

"Vaa viatu," aliniambia. "Unipeleke tena kule kwenye ule mti. Mshumaa unao?"