Kondakta Darasani

Wapo wanaosema kwamba siku hizi kompyuta ndiyo inayochora katuni. Mimi sikubali. Juzi nilimtazama rafiki yangu mmoja, mchoraji, akifufua katuni yake ya zamani: kondakta wa daladala iliyofurika anaita, "Songa nyuma, gari tupu!" Aliiingiza kwenye kompyuta kwa skana, akaifuta daladala yote, akambakisha kondakta. Kisha akarudi kwenye penseli na karatasi, akahangaika saa nzima, mpaka akamsimamisha kondakta yule yule mlangoni mwa darasa lililojaa watoto hadi madirishani. Kompyuta ilitia rangi tu. Nilicheka, halafu nikanyamaza.

Wala si yeye wa kwanza kuhamisha wazo. Gado, Mtanzania aliyeanza kuchorea Daily Nation ya Nairobi mwaka 1992, aliwageuza wanasiasa kuwa vikaragosi vya televisheni katika XYZ Show mwaka 2009.

Tatizo ni wezi. Katuni ikishaingia kwenye simu za watu, sahihi hukatwa, na mchoraji hapati hata nauli. Safari hii rafiki yangu ameiandika sahihi yake kwenye shati la kondakta, kifuani. Anayetaka kuikata, na amkate kondakta.