Tovuti ni mlango wa watu wote: maneno yetu sisi vijana wasioona



Sisi tunaosema hapa ni vijana wasioona. Diplome za univerisite tuko nazo, kazi hakuna, sawa na wengi wenu mliokaa hapa. Tunachojua kufanya ni kujenga tovuti. Mtu akisikia hivyo anauliza pale pale: «Kipofu anaona wapi ordinatere?» Wengi hawaulizi kwa ubaya. Basi tujibu hilo kwanza, kisha tuseme kile tulichokuja kudai.

Ordinatere yetu inasema. Tunaweka programu inayosoma kwa sauti kila kitu kilicho kwenye skrini. Ile tunayotumia inaitwa NVDA, na ni ya bure. Ilianza mwaka 2006, kazi ya Michael Curran wa Australia, asiyeona, pamoja na mwenzake James Teh, naye haoni. Waliifanya juu programu za namna ile zilikuwa za bei ambayo mtu wa kawaida hawezi. Inasoma hata Kiswahili. Kwenye telefone ya Android kuna TalkBack, na yenyewe hailipwi.

Hatuongozi mshale kwenye skrini. Vidole vyetu viko kwenye klavie tu. Tukibonyeza H, sauti inaruka toka kichwa kimoja cha habari hadi kingine. Tukibonyeza Tab, inapita kwenye viungo, vitufe na visanduku vya kujaza. Ninyi mnatembeza macho kwenye ukurasa, sisi tunatembeza masikio.

Na tovuti hatuanzi kuijenga toka sifuri. Kuna programu za kujengea: WordPress, Drupal, Joomla, SPIP. Unaweka programu, unachagua umbo, unaandika habari, unatangaza. Zote nne ni za bure, na maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila mtu anayetaka kuyasoma au kuyasahihisha. WordPress peke yake inabeba zaidi ya tovuti 40 kwa kila 100 duniani. Na Joomla, je, mlijua? Jina lake lilitoka kwenye Kiswahili mwaka 2005. Ni neno letu «jumla», kwa maana ya wote pamoja.

Mtatuuliza: na rangi je? Kwenye ordinatere rangi ni namba. Kanuni za kimataifa zinataka maandishi ya kawaida yaachane na rangi ya nyuma kwa uwiano wa 4,5 kwa 1 angalau. Nyeusi juu ya nyeupe inafika 21 kwa 1. Hesabu hiyo tunaipiga bila kuona. Kikibaki cha macho, tunaomba mwenzetu atazame. Ni fundi gani anajenga nyumba peke yake?

Shida njo hii: chombo kinaweza kufunguka au kufungwa, kufuatana na nani alikuwepo wakati wa kukitengeneza. Mwaka 2018 WordPress ilileta sehemu mpya ya kuandikia, ile ya vipande vipande. Rian Rietveld, aliyeongoza kikundi cha kuhakikisha kwamba kila mtu anaweza kuitumia, alijiuzulu mwezi wa 10, kabla haijatoka. Watumiaji wakachanga makuta, wakaita wakaguzi wa nje, na mwaka 2019 makosa yakawekwa wazi mbele ya wote. Hakuna aliyengoja kuhurumiwa.

Kwa upande wa Drupal, toleo la 10, lililotoka mwaka 2022, linakuja na umbo linaloitwa Olivero. Ni jina la Rachel Olivero, mwanamke wa Marekani asiyeona, fundi aliyechangia kazi ya Drupal na kufariki mwaka 2019. Kwa hiyo mtu asiyeona kuwa kati ya wajenzi siyo ndoto yetu. Imekwisha kufanyika.

Sasa turudi hapa kwetu. Biro moja ya hapa mjini ilitoa tangazo la kazi. Walipiga karatasi foto, pamoja na stempu na sahihi, wakaitupa kwenye tovuti. Programu yetu ikasoma neno moja: «picha». Diplome gani inatakiwa? Picha. Dosie inapelekwa wapi? Picha. Siku ya mwisho ni lini? Picha. Ziko programu zinazojaribu kuvuta maneno ndani ya foto, lakini karatasi iliyopigwa upande upande, stempu ikakaa juu ya tarehe, inatoa maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Tulikuja kusomewa na jirani siku mbili baada ya muda kuisha. Hakuna aliyesema kwamba kipofu asiombe kazi ile. Haikuwa hata lazima kusema.

Kuna lingine linalotugusa sisi wa Kiswahili. Tunakuta tovuti ambayo ndani ya mipangilio yake imeandikwa lugha ni Kifaransa, wakati habari ni ya Kiswahili. Basi sauti ya Kifaransa inashika neno «uchaguzi»: ch inakuwa sh, u inakuwa ile ya Paris. Sikilizeni kurasa tatu za namna hiyo, kisha mtuambie kama mmejua kituo cha kura kiko wapi. Kusahihisha ni kazi ya dakika moja: kuchagua lugha kwenye mipangilio.

Siyo Kongo peke yake. Mwaka 2024, WebAIM ya Marekani ilikagua kurasa za mbele za tovuti milioni moja. Kati ya 100, karibu 96 zilikuwa na makosa ambayo mashine yenyewe inayaona. Na karibu makosa yote yalikuwa ya aina sita tu: rangi hafifu, picha bila maelezo, visanduku bila majina, viungo vitupu, vitufe vitupu, na lugha isiyotajwa. Mambo sita! Mtu anajifunza hayo kwa siku moja.

Na hatukuja kuomba sadaka. Katiba yetu, kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua maalum. Mwaka 2015 nchi ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na kifungu chake cha 9 kinataja intaneti kwa jina. Tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2022 ikatoka sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki zetu. Karatasi ziko. Kinachokosa ni matendo.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kwa serikali na kila biro ya watu wote: tangazo liandikwe kwa maneno kwenye ukurasa. Foto yenye stempu iwe nyongeza tu.

2. Kwa wajenzi wenzetu: kabla ya kukabidhi tovuti, ipite yote kwa klavie peke yake. Ukikwama, sisi tumekwisha kukwama. Weka vichwa kwa mpango, maelezo kwenye kila picha, jina kwenye kila kisanduku, lugha ya kweli kwenye mipangilio.

3. Kwa wanaotoa kazi: tovuti inapojengwa, mtu asiyeona awe kati ya wajenzi na wakaguzi, na alipwe. Siyo kuitwa siku ya kupiga foto ya sherehe.

4. Kwa ninyi vijana mnaotusikia: mkisambaza komunike ya foto kwenye WhatsApp, andikeni chini yake inasema nini. Mistari mitano inatosha. Na biro ikitoa foto tupu, iandikieni, mudai maandishi pamoja na sisi. Sauti zetu peke yetu wamezizoea.

Tunadai pamoja barabara, maji na umeme, juu ni vya watu wote. Tovuti ya serikali nayo ni ya watu wote. Tumechoka kusomewa nchi yetu na jirani. Tunataka kuisoma wenyewe, na kushika kazi katika kuijenga.

Jumla, wandugu. Wote pamoja.